Taa ya injini inawaka na kuzima yenyewe: kidude cha simu, mashine ya gereji au kuchomoa betri?

BabaMapacha
Wakuu, heshima kwenu. Nina SUV ya familia, viti saba, petroli, silinda nne. Taa ya cheki injini inawaka, inakaa siku kadhaa, kisha inazima yenyewe. Nikiipeleka kwa fundi inakuwa imezima, ananiambia "ilete ikiwaka". Nguvu iko palepale, na mafuta inakunywa kama zamani. Nimepewa njia tatu: ninunue kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye gari nisome hitilafu kwa simu, nilipie kipimo cha mashine kubwa gereji, au nichomoe betri nusu saa ili ijisahau. Nianze na ipi?

Spana10
Ya betri itupe kabisa. Ukichomoa unafuta ushahidi, hitilafu inabaki.

Na huyo fundi angeweza kupima hata taa ikiwa imezima. Kwa hitilafu nyingi kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza: inaandika pembeni, ikiiona tena safari inayofuata ndiyo inawasha. Safari tatu mfululizo zikipita salama, taa inazima. Lakini namba ya hitilafu haifutiki hapo hapo, kwa kawaida inakaa mpaka injini ipate moto kama mara 40 bila tatizo kurudi. Kwa hiyo sasa hivi, taa ikiwa imelala, huenda jibu limo humo ndani.

DadaGereji
Kwa tatizo la kuja na kuondoka, mimi naanza na kidude. Si kwamba kinaishinda mashine. Hakioni vizuri namba za mtengenezaji mwenyewe, na vingi havigusi ABS (breki zisizofunga magurudumu) wala airbag. Mashine ya gereji inaweza hata kuamuru vifaa vifanye kazi ukiwa umesimama. Ila mashine iko gereji, na taa yako inawaka barabarani. Kidude kinakuwa na wewe.

Soma vitu vitatu: namba zilizothibitishwa, zinazosubiri, na ile picha ya data iliyohifadhiwa hitilafu ilipotokea. Hiyo ya tatu watu wanairuka, na ndiyo tamu kuliko zote. Inakuonyesha mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji na mzigo wa injini wakati ule. Piga picha ya skrini KABLA ya kugusa kitufe cha kufuta. Usiku kichomoe, vingine vinanyonya betri.

MzeeWaPlagi
Naomba kupingana kidogo. Shida ya hivi vidude ni kwamba mtu anasoma namba halafu anakimbilia dukani. Namba haikutajii kifaa kibovu. P0420 inasema masega ya eksozi (kile kisafisha moshi) hayasafishi inavyotakiwa, mtu ananunua masega mapya, kumbe eksozi inavuja karibu na sensa. Au P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Hapo utafukuza sensa mpaka uchoke.

Dada kataja data, niongezee: kwa P0171 angalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa juu injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), halafu inashuka ukikanyaga hadi mzunguko wa 2500, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Ikiwa inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, geukia pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa. Asiyejua kusoma hayo ni bora alipie fundi anayejua.

Kilometa
Mfuniko wa tenki umeukaza mpaka ukalia? Mpira wake ukichoka, mvuke wa petroli unavuja, inakuja P0455 au P0456. Kompyuta hufanya kipimo hicho mazingira yakiruhusu tu, tenki likijaa sana au likikaribia kuisha hairuhusu. Ndiyo maana taa yake huja na kuondoka kama mgeni.

Spana10
Kitu kimoja kisipotee humu: taa ikianza kupepesa, punguza mwendo, simama mahali salama. Hapo injini inamisi vibaya (silinda inakosa kuwaka), petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuyaunguza. Hilo halingoji kidude.

BabaMapacha
Asanteni. Nimenunua kidude. Taa imezima lakini namba ipo: P0302. Picha ya data inasema joto la maji 94, mwendo 62, mzunguko 2900, mzigo 88%. Nadhani ni ule mlima, gari ikiwa imejaa. Mfuniko uko sawa.

DadaGereji
Silinda ya pili inamisi, injini ikiwa na moto na mzigo mkubwa. Koili dhaifu (inayoipa plagi umeme) au plagi iliyochoka hujificha kwenye tambarare na kujitoa mlimani. Usinunue kitu bado. Hamisha koili ya 2 uweke ya 3, futa namba (sasa ruksa, picha unazo), rudi kwenye mlima ule ule na mzigo ule ule. Ikija P0303, koili. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha geukia nozeli (inayopuliza petroli).

MzeeWaPlagi
Hapo nakubali. Ila injini ipoe kwanza, na soketi ya koili bonyeza klipu yake, usivute waya. Klipu za plastiki zilizopigwa na moto miaka mingi zinavunjika kama biskuti, halafu waya unalegea na unapata taa nyingine ya kuja na kuondoka. Ukiitoa koili chungulia shimo la plagi: likiwa na oili au maji, tuambie kabla ya kurudishia.