Naomba ushauri: kumsoma silikanti wa Tanga bila kuweza kuzamia

Kijana_wa_Pongwe:
Habari za humu wakuu. Niko mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya bahari, na mradi wangu wa mwisho nataka uwe juu ya silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu. Msimamizi kanipa swali moja, sijalala vizuri tangu wiki iliyopita: "Samaki anakaa mapangoni, mita mia na zaidi. Wewe utamwona wapi?" Cheti changu cha kuzamia kinaishia mita 18. Nyambizi sina, na pesa niliyonayo ni ya nauli na chakula cha wiki tatu. Kuna njia, au nibadilishe mada nihamie kwenye pweza? Mwenye uzoefu wa vijiji vya Kigombe au Mwarongo, huku pwani ya Tanga, anisaidie.

Karani_wa_Diko:
Mdogo wangu, usibadilishe mada. Mimi nimezaliwa Kigombe, baba alikuwa nahodha wa mashua ya jarife, wavu mkubwa wa kutega papa, na nimeandika samaki wanaoshushwa dikoni, pale mashua zinapotia nanga, miaka sita. Silikanti nimewagusa wawili kwa mkono wangu.

Wa kwanza aliletwa alfajiri. Nilijua kuna jambo kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Kalazwa juu ya makuti, mita moja na nusu kasoro kidogo, bado ana ile bluu yake na mabaka meupe kama chokaa iliyorushwa kwa mkono. Nilipommulika tochi jicho likawaka kijani. Nikapitisha kiganja kutoka mkiani kwenda kichwani, magamba yakanikwaruza kama tupa. Kufika saa nne bluu yote imekwisha, amekuwa wa kahawia kama gogo lililotoka matopeni.

Ndiyo maana nakwambia kazi yako inaanzia dikoni, na inaanza mapema. Mabaka yale hayafanani kwa samaki wawili. Mtafiti Mjerumani Hans Fricke na wenzake, walioshuka na nyambizi ndogo kule Komoro kuanzia 1987, waliwatambua samaki mmoja mmoja kwa mabaka hayo. Piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto kabla rangi haijaondoka, na uweke rula ionekane pichani.

Halafu kaa na nahodha. Usimwulize mita, mwulize pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8). Wavu ulikuwa pima ngapi? Chubwi, yaani vizito vya wavu, zilirudi na tope, mchanga, au zimekwaruzwa na mwamba? Ulitegwa saa ngapi, ukavutwa saa ngapi, na mwezi ulikuwa wa siku ya ngapi? Hapa uwe makini: silikanti mchana hujificha pangoni, usiku hutoka kuwinda akielea taratibu kwenye mteremko. Jarife hulala majini usiku kucha. Kwa hiyo wavu unakuonyesha anakowinda, haukuonyeshi anakolala. Ukiandika kwenye ripoti kwamba "makazi yake ni pima hamsini" kwa sababu alinaswa hapo, utakuwa umekosea.

Kujua maji ya huko anakowinda yakoje, omba ufunge kipimajoto kidogo cha kurekodi kwenye kamba ya chubwi. Kinarudi na wavu asubuhi kikiwa na joto la usiku mzima kule chini. Hicho bajeti yako inakiweza.

Jambo jingine linaniuma na lazima niliseme. Kuna mvuvi wa kwetu aliyenasa silikanti akapeleka taarifa mwenyewe, kwa moyo safi. Ofisi aliyokwenda ilimweka siku nzima akihojiwa kama mwizi, na wavu wake ukashikiliwa. Silikanti aliyefuata kunaswa sikumwona. Nilisikia tu kwamba walimkatia kamba gizani akazama. Hakupimwa, hakupigwa picha. Ukija na fomu mkononi kabla ya salamu, na wewe utafichwa.

Maabara_Unguja:
Nakubaliana na karani. Naongeza la tishu: kipande cha pezi ukubwa wa ukucha, ndani ya ethanoli, andika tarehe na mahali kwa penseli maana wino wa kalamu unayeyuka. Vipande vya namna hiyo ndivyo vilivyoonyesha, katika utafiti uliotoka 2011, kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania wana vinasaba tofauti na wa Komoro. Wale si wapotevu waliosukumwa na mkondo, ni wa huko huko. Ila huyu yumo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata gamba moja usilivushe mpaka bila kibali. Na kwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ipo tangu 2009, pata idhini yao kabla hujagusa chochote.

Kijana_wa_Pongwe:
Shikamoo karani, na asante sana. Swali moja tu: akija juu akiwa bado hai?

Karani_wa_Diko:
Marahaba. Akiwa hai, sahau utafiti kwa dakika hizo. Matamvua yake ni madogo kwa mwili ule, na maji ya juu ni ya moto yenye hewa kidogo, anakosa pumzi. Usimfunge ubavuni mwa chombo ili umpige picha nzuri. Mkatieni wavu, mumwelekeze chini, mwachieni. Watafiti waliosoma magamba mwaka 2021 walikadiria anaishi kama miaka mia, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Jike mmoja akifia kwenye wavu, hatumpati mwingine wa kuziba nafasi yake hivi karibuni.

Njoo wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, ndipo majarife hutegwa vizuri. Wiki ya kwanza usiandike chochote, saidia kuvuta kamba. Nitakupeleka kwa mzee mmoja mwenye daftari la pima zake zote, kaliandika kwa herufi za Kiarabu. Unajua kuzisoma?

Kijana_wa_Pongwe:
Najua, nimesoma madrasa mpaka darasa la saba.

Karani_wa_Diko:
Basi msimamizi wako mwambie umeshapata pa kumwona.