Ruta inaganda kila jioni, nitajuaje nini kinaila?

mnyalu_mafinga
Wakuu habari za jioni. Nina stesheneri hapa Mafinga nauza na vocha za waifai, ruta ni MikroTik hAP. Ikishafika saa moja usiku inaganda, waifai kwenye simu inaonekana imejaa ila hakuna kinachofunguka, mimi mwenyewe nikiingia Winbox (programu ya kuiendeshea ruta) inazunguka weee mpaka inanitoa. Nikichomoa umeme nikarudisha inakaa sawa kidogo halafu yaleyale. Na kuna siku inajizima na kujiwasha yenyewe. Fundi kasema imekufa ninunue nyingine, hela yenyewe iko wapi jamani?

kijana_wa_uyole
Usinunue kitu mkuu. Kwanza acha kuchomoa, logi (kumbukumbu za matukio ya ruta) zinakaa kwenye memori, ukikata umeme tu ushahidi wote kwisha. Nenda System > Logging, zile za error na critical zipeleke disk, ila usipeleke kila kitu maana flashi ya hivyo viruta haitaki kuandikwaandikwa. Ikiganda tena ingia kwa waya sio waifai, fungua Tools > Profile, bonyeza Start uone nani anakula prosesa. Leta majibu.

tukuyu_net
Ya kujizima ichunguze peke yake, inaweza isiwe na uhusiano na hiyo ya kuganda. Ikiwaka soma logi palepale. Ukikuta "without proper shutdown, probably power outage" angalia adapta na umeme, sisi huku Tukuyu mvua ikianza hiyo ndo salamu yetu. Ukikuta "kernel failure" hapo ni programu imeanguka, cheki Files kama kuna autosupout.rif, ndo wanayoitaka watengenezaji. Ikitaja watchdog (mlinzi wa ndani anayeirestati ruta ikikwama), angalia kama kuna mtu aliweka Watch Address, yaani anwani ambayo ruta inaipigia hodi kila mara, maana hapo intaneti ikikatika tu ruta inajirestati yenyewe na ni nzima kabisa.

mnyalu_mafinga
Logi inasema power outage, adapta nikiishika inacheza kwenye tundu kweli. Profile sasa, dns (ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ndo iko juu kabisa, wengine wote wamelala. Nimeweka sheria ya kudrop (kutupa) udp 53, mlango wa dns, kwenye ether1 unakoingia waya wa intaneti lakini wapi.

kijana_wa_uyole
Dns yako iko wazi kwa dunia nzima, watu wa nje wanaitumia kushambulia wengine. Unaingia intaneti kwa PPPoE (ile ya jina na neno la siri la mtoa huduma)? Kama ndio, sheria iwe kwenye pppoe-out1, ether1 haitaikamata. Chain iwe input (vinavyoingia kwenye ruta yenyewe), weka na tcp 53, halafu ipandishe juu ya zile za accept, ikikaa chini haifiki. Usizime Allow Remote Requests (ruhusa ya ruta kujibu dns za vifaa vingine), wateja wako wanaitegemea.

mnyalu_mafinga
Ni PPPoE kweli. Nimebadilisha, dns imeshuka sasa hivi naiona, ile kaunta ya drop inakimbia kama mita ya bodaboda 😂 Kesho naenda kutafuta adapta.

tukuyu_net
Soma volti nyuma ya ruta kwanza, usiuziwe yoyote tu. Na apdeti RouterOS, mfumo wa hiyo ruta.