WRX ya 1997 inapiga risasi nikibadili gia, fundi anataka pampu

Kuchele97 (Mtwara)
Wakuu, naombeni msaada. Nina Subaru Impreza WRX ya 1997, injini ya EJ20 yenye tabo (feni ya ekzosi inayosukumia injini hewa). Niliinunua kwa mtu Dar baada ya kuuza korosho, mama watoto mpaka leo hajanisamehe. Nikiivuta mpaka elfu nne na ushee halafu nikabadili gia, ekzosi inapiga PAA! moja. Nikiachia mafuta kwenye mteremko wa Mikindani inaanza pu-pu-pututu mpaka chini. Juzi mama muuza pweza kadondosha sinia, nimemlipa. Plagi nne mpya, aiklina mpya, hakuna kilichobadilika. Fundi anasema pampu ya mafuta, nimtafutie laki tatu. Nimpe?

MjombaMasasi
Hiyo gari au bunduki ya harusi? Wenzako wanatoa hela watengenezewe huo mlio 😂

FundiMtanda (Lindi)
Usimpe hata mia kwanza. Pampu ikichoka gari inazubaa ukiikanyaga, inaishiwa nguvu. Wewe hujalalamikia nguvu. Nijibu: ukiachia mafuta kubadili gia, kuna PSHHH ya kuringia?

Kuchele97
Ipo! Aliyeniuzia alisema ndio utamu wake.

FundiMtanda
Basi huo utamu ndio PAA yako. Injini yako ina sensa ya hewa pale baada ya aiklina. Hewa ikishapita hapo komputa imeshaihesabu na inaipangia petroli. PSHHH inatoka kwenye valvu inayoachia hewa ya tabo ukiachia mafuta. Ya kiwandani ilirudisha hewa kwenye bomba kabla ya tabo, ikazunguka tena. Mwenzako kafunga ya kutemea nje. Hewa imetupwa, petroli inamwagwa ileile. Isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye ekzosi, na kama masega ya kusafisha moshi walishayatoa, mlio ndio unakuwa wa bunduki kabisa. Rudisha valvu ya kiwandani na mpira wake, uzibe vizuri.

Pututu ya mteremkoni ni ugonjwa mwingine. Ukiachia mafuta, komputa inatakiwa ikate petroli. Ikiendelea kulipuka, ama nozeli ya kupulizia petroli inavuja, ama ekzosi imetoboka mahali na inavuta hewa ya nje, hewa inakutana na mabaki ya petroli. Huku kwetu na chumvi ya bahari mimi naanza na ekzosi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe nje, si ndani ya banda. Mtu avae glavu nene, azibe mdomo wa sailensa kwa tambara bichi sekunde chache tu. Wewe sikiliza chini: tsi-tsi-tsi inatoka wapi? Tafuta pia masizi meusi kwenye maungio.

Zile plagi mpya zichomoe uzitazame, ila injini ipoe kabisa, vichwa ni alumini, utaharibu nyuzi. Zote nyeusi, mchanganyiko umezidi petroli. Moja tu nyeusi, kamata nozeli ya silinda hiyo. Na uziandike namba: 1 na 3 upande wa dereva, 2 na 4 upande wa pili. Nimeona watu wakihangaika na silinda isiyo na kosa siku nzima.

Kuchele97
Mrejesho wakuu. Valvu ya zamani jamaa aliyeniuzia alikuwa nayo, kaituma na basi. PAA imekwisha, PSHHH nayo imekwisha, naikumbuka kidogo. Plagi zote kahawia. Kwenye tambara, tsi-tsi inatoka pale bomba linapopanda kwenda kwenye tabo, na kuna mstari wa masizi kama wanja. Fundi wangu sasa anasema atapaka simenti ya ekzosi.

FundiMtanda
Hapo joto ni kali, hiyo simenti utaiokota barabarani kabla hujafika Mingoyo. Gasketi mpya. Bolti zipulizie mafuta ya kutu leo na kesho, usilazimishe.

Kuchele97
Umechelewa kaka. Moja imekatikia ndani.

FundiMtanda
Usiiguse tena. Ilete Jumamosi, nina drili.