Sababu zipi za kuanza usaidizi wa mtandaoni zinabeba biashara, na zipi zinagongana na kazi yenyewe?

MwanzoMpya:

Habari zenu wakuu. Nataka kuanza biashara ya usaidizi wa mtandaoni: kupanga kalenda za watu, kusimamia barua pepe, kuandaa ankara na kufuatilia wanaodaiwa, yote nikiwa mbali na mteja. Kabla ya kutafuta mteja wa kwanza nimeandika sababu zangu. Ziko nne: kujipangia muda, kuongeza kipato, kuachana na kuamrishwa kila saa, na kuwa karibu na mzazi anayehitaji uangalizi. Kupanga vitu napenda pia, ila sijui kama hiyo inahesabika.

Kwa mnaoifahamu kazi hii kwa undani: sababu hizi zinaendana na kazi ilivyo? Zipi zinagongana? Zikigongana nibadili nini, huduma, bei au aina ya mteja?

KalendaNaKalamu:

Vizuri umeziandika, ila bado ni pana mno kukusaidia kuamua. Igeuze kila sababu iwe sharti linaloweza kukaguliwa. "Kujipangia muda" hakukatai kazi yoyote ile. "Sipokei simu kati ya saa 6 na saa 10 mchana" kunakataa kazi nyingi sana, na faida yake iko hapohapo: tangazo la kazi ukilisoma unajua mara moja kama ni lako.

Huduma zenyewe ziko za aina mbili. Kuna za papo kwa papo: kupokea simu, kujibu wanunuzi kwenye chati, kukaa vikaoni na kuandika kumbukumbu, kubadilisha tiketi ya mtu aliyekwama uwanja wa ndege. Kuna zinazoweza kusubiri: ankara, kusafisha orodha za anwani, kuhariri, kupanga machapisho ya wiki ijayo, kukusanya bei za wauzaji na kuzilinganisha. Anayetafuta uhuru wa muda halafu akauza za aina ya kwanza amejifunga kwenye kiti kuliko mwajiriwa. Na asidhani mteja atamwelewa tu. Iandikwe kwenye mkataba kwamba ujumbe unajibiwa ndani ya saa 24 za siku za kazi, kwamba dharura inalipiwa mara moja na nusu, na dharura ni kitu gani. Pasipo tafsiri hiyo, kila kitu kitakuwa dharura.

Angalia pia tofauti ya saa. Ukiwa saa 8 mbele ya mteja, saa zake za kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ni kwako saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Kwa kazi inayosubiri hilo ni neema, maana anaamka anakuta imekamilika. Kwa kazi ya simu ni kukesha. Na tofauti yenyewe haitulii. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo New York na London zinaachana kwa saa 4 badala ya 5. Mikutano ya kila wiki huharibikia hapo kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu msaidizi amekariri tofauti badala ya kuweka saa za mji husika kwenye tukio lenyewe ndani ya kalenda. Mwezi wa kumi hujirudia: Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Hiyo ya kupenda kupanga, uliyoitaja mwishoni kama nyongeza, mimi ningeiweka ya kwanza. Zile nne zinaeleza unachotaka kupata. Hii peke yake inaeleza utakachokuwa unafanya kutwa nzima. Ipime kabla hujatumia hela: kila asubuhi kwa siku 10 za kazi, chukua barua pepe 100, hata za zamani zako mwenyewe, uzigawe mafungu manne (jibu leo, subiri mtu, hifadhi, futa) na uandike majibu ya rasimu kwa 5 kati yake. Pima dakika. Ukiona siku ya sita umeanza kuruka barua ndefu, tafuta huduma nyingine ya kuuza, maana mteja atakulipa kwa ajili ya hizo ndefu.

HesabuKwanza:

Niongezee kwenye kipato, kwa sababu wengi huanza na sababu hiyo na kuiacha bila namba. Nazitoa bila sarafu, weka yako.

Tuseme unataka kubaki na 1,200 kwa mwezi. Intaneti ya kuaminika pamoja na laini ya akiba, programu, umeme na fungu la kununua laptopu nyingine baadaye, weka 150. Kodi, kamisheni za majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni na makato ya kupokea pesa, tenga asilimia 20 ya kila kinachoingia. Kwa hiyo unatakiwa kuingiza 1,350 gawanya kwa 0.8, yaani takribani 1,690.

Sasa saa. Ukikaa kazini saa 30 kwa wiki, usitegemee kulipwa zote 30. Kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, ankara zako mwenyewe, kujifunza programu mpya: yote hayo hayana wa kuyalipia. Kadiria asilimia 60, yaani saa 18. Mwaka uhesabu kwa wiki 46, kwa sababu utaugua, utapumzika, na mtandao utakatika. 18 mara 46 ni saa 828 kwa mwaka, sawa na 69 kwa mwezi. Gawanya 1,690 kwa 69: bei yako ni karibu 24.5 kwa saa.

Linganisha na anayejitangaza kwa 8 ili apate mteja haraka. 69 mara 8 ni 552. Toa asilimia 20, toa 150, anabaki na 292 hivi. Akitaka kuziba pengo anaongeza saa, na kujipangia muda kumekwisha. Sababu zako mbili za kwanza zinagongana hapo kabisa, na kinachozipatanisha ni huduma yenye bei ya juu kwa saa. "Nafanya chochote" ni bei ya chini. "Nafuatilia ankara zilizochelewa za wakandarasi wadogo, na kila Ijumaa unapata orodha ya wanaodaiwa zaidi ya siku 30" ni bei nyingine, kwa sababu mteja anaona fedha inayorudi.

Uza kifurushi cha mwezi, kwa mfano saa 20, kilipwe kabla ya kazi. Saa zisizotumika zisivuke mwezi, au zivuke si zaidi ya 5. Usipoweka kikomo, mteja aliyekaa kimya miezi mitatu atakuletea saa 40 wiki moja, na kwa maandishi atakuwa na haki.

MwanzoMpya:

Asanteni sana, hii ya masharti yanayokaguliwa imenifungua macho. Vipi kuhusu kuamrishwa, na uangalizi wa mzazi?

BiMratibu:

Ndugu yangu, kuamrishwa hakuishi, kunabadilika sura. Ukiwa na wateja watano una watu watano wanaoamini kuwa wako wa kwanza kwenye foleni. Kinachokupa nguvu ni kuweza kumwacha mmoja bila kulala njaa, na hiyo ni hesabu: asiwepo mteja anayebeba zaidi ya asilimia 40 ya kipato chako, na mkataba utaje notisi ya siku 14 au 30 kwa pande zote. Mwenye mteja mmoja wa saa 40 kwa wiki bado ni mwajiriwa, tena asiye na likizo wala bima.

Wanaokimbia bosi wana kasoro moja ya kuangaliwa mapema: hushindwa kusema hapana kwa mteja wa kwanza, wakihofia kurudi walikotoka. Andaa sentensi kabla haijahitajika. "Hilo halimo kwenye kifurushi chetu, naweza kuliongeza kwa saa 3, au liingie badala ya ripoti ya wiki hii. Unapendelea lipi?" Mteja mwema huchagua. Asiyetaka kuchagua amekuonyesha mapema miezi inayokuja itakavyokuwa.

Kuhusu mzazi, swali la kujiuliza ni hili: nikiondoka mezani ghafla kwa saa 4, ni nini kinaharibika? Kama jibu ni simu ya mtu kutopokelewa, huduma hiyo haikufai. Kama ni ripoti itakayotoka kesho badala ya leo, inabebeka. Weka tarehe za ndani zinazotangulia zile za mteja kwa siku moja kamili. Na uwe na msaidizi mwenzako wa kushika nafasi, mkikubaliana mapema malipo na usiri, naye mteja awe ameridhia kwa maandishi.

Mbadala huyo hana maana kama kila kitu kiko kichwani mwako. Usipokee nywila ya mteja kwenye ujumbe wa kawaida. Kwa Gmail, mteja anaweza kukupa uwakilishi kutoka kwenye mipangilio ya akaunti yake: unasoma, unatuma na kufuta, lakini huwezi kubadili nywila yake. Mwaliko wake hufa baada ya wiki moja usipoukubali, na ukiukubali inaweza kuchukua hadi saa 24 kuanza kufanya kazi, kwa hiyo usipange kuanza asubuhi ileile uliyoalikwa. Kwa akaunti nyingine tumia programu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au 1Password. Kinachokwamisha zaidi ni namba ya uthibitisho kwenda kwenye simu ya mteja akiwa amelala. Mmalize jambo hilo wiki ya kwanza, kila akaunti kwa zamu yake.

HesabuKwanza:

BiMratibu kagusa pazuri. Nigusie sababu ambayo MwanzoMpya hukuiandika ila wengi wanaosoma hapa wanayo: kuhitaji pesa wiki hii. Biashara hii haifai kwa haja hiyo. Kati ya kumpata mteja, kufanya kazi na kulipwa, mwezi au miwili hupita kwa urahisi, na matapeli wanawajua wenye haraka. Atakutumia hundi kubwa kuliko mlivyokubaliana, akuombe urudishe kilichozidi. Benki inaweza kukuonyesha salio kabla hundi haijathibitika. Ikikataliwa, uliyotuma imekwenda na deni ni lako. Mwingine anataka kukodi akaunti yako ya jukwaa la kazi, au anadai ada ya mafunzo kabla ya kazi. Wote hao achana nao siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kama bado una ajira, ishikilie. Soma mkataba wako kama unaruhusu kazi ya pembeni, usiguse laptopu ya mwajiri kwa kazi hii hata dakika moja, na anza na mteja mmoja wa saa 5 hadi 8 kwa wiki. Fikiria kuondoka ukiwa na akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6 na wateja wawili waliolipa kwa wakati miezi mitatu mfululizo.

KalendaNaKalamu:

MwanzoMpya, kwa sababu ulizotaja mimi ningeanzia kwenye ankara na ufuatiliaji wa wanaodaiwa, kalenda ije baadaye. Ankara zinasubiri, zina bei, na hazijali kama umekaa mezani alfajiri au usiku. Ya kalenda ichukue kwa mteja ambaye tofauti yenu ya saa haizidi 3. Ukishaandika yale masharti yaweke hapa tuyapitie moja moja.