Naomba ushauri: lakspa (larkspur, maua ya kukata kwa mashada) zinachelewa kutoa mashina (Kabale, Uganda)

Habari wanabustani. Naomba msaada wa wanaolima maua Kabale na Kisoro. Lakspa tutani zinaota kwa kurukaruka, kisha majani yanajikusanya chini muda mrefu na mashina yanapanda kwa kupishana, hata shada moja halikamiliki.

Mbegu hukaa kwenye friji wiki 2 ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo, halafu husiwa moja kwa moja tutani, kina cha nusu sentimeta, na kufunikwa vizuri maana zinahitaji giza ili ziote. Kuhamisha miche hapana. Mzizi mkuu ukiguswa mche hudumaa. Nafasi ni sentimeta 20 hadi 25. Udongo ni wa mfinyanzi wenye samadi iliyooza, na mvua za Machi hadi Mei zikituama, shingo ya mmea huoza.

Ninachoshuku zaidi ni mwanga. Lakspa hupenda siku ndefu, na huku karibu na ikweta tunapata saa 12 tu mwaka mzima. Kuna aliyeongeza taa jioni? Saa ngapi, na mche ukiwa na ukubwa gani? Au ni afadhali kusia Juni, usiku ukiwa wa baridi, na kumwagilia?

Nyingine ndogo: mnakata theluthi ya maua ikifunguka, au mapema zaidi yakisafirishwa kwenda Kampala? (Mabaki msiwape mbuzi, ni sumu.)