Msaada: namna ya kuchambua tabia ya Michael Henchard bila kusimulia riwaya upya

Mdau wa Riwaya:
Wakuu, salaam. Nina insha ya maneno 1,500 kuhusu Michael Henchard, mhusika mkuu wa *The Mayor of Casterbridge* ya Thomas Hardy (1886). Hoja yangu kwa sasa: Henchard ni mkali, ana wivu na kiburi, na hayo ndiyo yaliyomwangusha. Nimepanga aya moja kwa kila sifa, lakini nikiisoma naona nasimulia kitabu tu. Halafu kuna hizi sadfa nyingi. Sijui nizihesabu kuwa majaaliwa au tabia yake. Naombeni mwongozo, hasa sura za kutumia.

Kalamu Nzito:
Mkuu, kinachokuponza ni huo mpango wa sifa. "Mkali" huthibitishwa na tukio lolote, kwa hiyo utaokota matukio kwa mfuatano wa kitabu na insha itageuka muhtasari. Tafuta jambo moja ambalo Henchard hulirudia akiwa na hasira na akiwa na huruma pia. Mimi ningeshika hili: kwake kila uhusiano na mtu ni mauziano na malipo, na hakimu wa deni ni yeye mwenyewe.

Anza sura ya 1 na ya 2. Kwenye gulio la Weydon-Priors, akiwa amelewa uji wa ngano uliotiwa ramu, anamuuza mkewe Susan pamoja na mtoto kwa baharia kwa ginea 5. Asubuhi yake anaingia kanisani na kuapa kutogusa kileo kwa miaka 21, mwaka mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Hakuna aliyemhukumu. Adhabu kaipanga yeye, na kipimo chake yeye.

Sasa ruka hadi sura ya 10. Susan amerudi baada ya miaka mingi, na Henchard, ambaye sasa ni meya na mfanyabiashara mkubwa wa nafaka, anamtumia barua yenye noti ya pauni 5 na shilingi 5. Piga hesabu: ginea moja ni shilingi 21 na pauni moja shilingi 20, ginea 5 ni shilingi 105, yaani pauni 5 na shilingi 5 kamili. Msimulizi anadokeza kwamba huenda kiasi hicho kinamwambia Susan kuwa amenunuliwa tena. Kaa hapo, usipite haraka. Toba yake imetumia lugha ileile ya kosa lake. Aya moja ya maneno 250 juu ya noti hiyo itakufaa kuliko kurasa tatu za "Henchard ana hasira".

Sura ya 31 inakamilisha. Akiwa amefilisika, anawatolea wadai wake saa yake ya dhahabu, nao wanaikataa kwa heshima. Anakwenda kuiuza mwenyewe na fedha anampelekea mdai mdogo, mtu maskini wa Durnover. Mtu aliyemuuza mkewe ndiye huyuhuyu asiyeweza kulala na deni la maskini. Mhusika wa namna hii hatoshi ndani ya neno "katili".

Bint Maktaba:
Nakubaliana, ila usimwache msomaji akadhani sadfa hazina uzito. Muuza uji wa siku ile ya gulio anakuja kushtakiwa mbele ya Henchard akiwa hakimu, na hapo anafichua kuwa Henchard alimuuza mkewe (sura ya 28). Barua ya Susan iliyoandikwa isifunguliwe hadi siku ya harusi ya binti yake Elizabeth-Jane inasomwa mara tu baada ya Henchard kumwambia binti kuwa yeye ndiye babaye (sura ya 19), kumbe ni mtoto wa baharia Newson. Elizabeth-Jane wa kwanza, mtoto wa Henchard mwenyewe, alishafariki. Hayo hakuyapanga yeye.

Ujue pia kwamba riwaya ilitoka kwanza kwa mafungu ya kila wiki kwenye gazeti la *The Graphic*, na Hardy mwenyewe aliona baadaye kuwa kutafuta tukio kwa karibu kila fungu kulimfanya ajaze matukio kupita kiasi. Kila sadfa usiipe maana ya kifalsafa.

Kalamu Nzito:
Sahihi kabisa. Ndiyo maana kwa kila sadfa mwulize mhusika swali moja: hapa alikuwa na hiari gani? Muuza uji kuletwa mahakamani ni sadfa. Lakini mwanamke yule ni mshtakiwa asiye na heshima, karani anauita usemi wake uzushi, na Henchard angeweza kunyamaza tu. Anakiri kwamba ni kweli, kisha anasema hafai kumhukumu. Barua nayo ilikuwa na maagizo wazi juu yake; lakiri ilikuwa imepasuka, lakini aliyeisoma ni yeye. Ukishatenganisha hivyo, huhitaji kuchagua kati ya majaaliwa na tabia: tukio linaletwa, jibu ni lake.

Mfano mzuri zaidi ni wa nafaka, sura ya 26 na 27. Anakwenda kwa mtabiri wa hali ya hewa, anaambiwa mavuno yatanyeshewa, ananunua shehena kubwa. Jua likawaka, bei ikashuka, akauza kwa hasara. Mavuno yalipoanza mvua ikaja. Hali ya hewa haikumfilisi peke yake. Kukosa subira kulimfilisi. Na msimulizi anampinganisha na Farfrae, meneja wake wa zamani aliyegeuka mshindani wake.

Onyo moja kuhusu sura ya 17. Wengi hunukuu maneno ya Novalis, mwandishi Mjerumani, kwamba tabia ndiyo majaaliwa, wanasimama hapo, tena wengine wanampa Hardy. Sentensi inaendelea: inamweleza Henchard kama mtu aliyeacha njia za watu wa kawaida bila mwanga wa kumwonyesha iliyo bora. Nusu hiyo ya pili ina huruma, na inabadilisha hoja.

Mdau wa Riwaya:
Asanteni sana. Abel Whittle, yule kibarua wa Henchard, nimweke wapi? Nilitaka kumtumia kama ushahidi wa ukatili.

Bint Maktaba:
Mtumie mara mbili. Sura ya 15, Henchard anamtoa kitandani kwa kuchelewa kazini na kumpeleka bila suruali. Farfrae anamrudisha nyumbani akavae. Muda mfupi baadaye tunajua kuwa Henchard alimpa mama yake Whittle makaa majira yote ya baridi yaliyopita. Sura ya 45, Whittle ndiye anayemfuata na kumhudumia hadi kufa, na sababu anayotoa ni wema kwa mama yake. Weka aya hiyo mwishoni, kabla ya wosia, ambamo Henchard anaagiza asiombolezwe na mtu yeyote asimkumbuke. Ni hukumu yake ya mwisho juu ya nafsi yake, hivyo inafunga hoja ya deni.

Angalia toleo lako pia. Kurudi kwa Henchard na ndege kwenye tundu siku ya harusi ya Elizabeth-Jane hakumo katika toleo la kwanza la kitabu la Uingereza. Kulirejeshwa mwaka 1895. Kama unanukuu tukio hilo, taja toleo lenye nalo.