Koyote, mbuzi wangu na Fomu 4473: naomba msaada wanajamvi

Baba Neema (Kaufman, Texas)

Salaam wanajamvi. Mwenye uzoefu anishike mkono.

Wengi mnajua nilihama Dallas nikanunua kieneo huku Kaufman nifuge mbuzi. Tangu baridi ianze, koyote (wanyama jamii ya mbwa mwitu, kama mbweha) wanapita kila alfajiri. Wiki iliyopita wamemchukua mwanambuzi mlangoni mwa zizi, wakampasua tumbo hapo hapo, mama yake akalia mpaka jua likawa utosini. Nikasema basi, natafuta bunduki.

Dukani, kijana wa kaunta akaona leseni yangu ya udereva ina anwani ya apatimenti ya zamani. Akakataa. Haya, nikarudi na usajili wa gari wenye anwani ya huku, wakaupokea. Tukajaza 4473 (fomu ya serikali kuu ya kununulia bunduki), nikaandika A-namba (namba yangu ya uhamiaji). Tatizo grinkadi imeisha muda, ninayo I-797 (barua ya kupokelewa) ya I-90 (ombi la kadi mpya) inayoongeza miezi 36. Hapo kaunta ikageuka mahakama. Akaitwa meneja, meneja akapiga simu, foleni nyuma yangu inanitazama kama nimekuja kuiba. Mwisho wakaingiza NICS (mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi wa bunduki), jibu: subiri. Si ndiyo, si hapana. Jina langu lina Juma na Ali ndani yake, nadhani mnanielewa.

Naomba kujua: zile siku tatu ambazo duka linangoja jibu la NICS zinahesabiwaje? Pili, NICS wakinikataa, N-400 yangu (ombi la uraia) itaguswa? Hili ndilo linaninyima usingizi. Tatu, hawa koyote unawavutaje waje karibu? Nimeona mtu anapuliza filimbi mnyama anakuja mwenyewe, nikadhani ni uganga.

Hamisi F-1 (Denton, Texas)

Pole mzee. Siku tatu ni tatu tu. Ukijaza Ijumaa, Jumatatu unachukua mzigo wako.

Na mimi mwanafunzi wa viza ya F-1 naruhusiwa kununua, au ni ninyi wa grinkadi peke yenu?

Mzee Wichita

Hamisi, usimpoteze mwenzio. Ni siku tatu za KAZI, na ile uliyojaza fomu haimo. Ukijaza Ijumaa unahesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ndipo Alhamisi uende. Tena hata zikipita, sheria inaliruhusu duka likupe, hailiamrishi. Maduka mengine yanasema bila "endelea" ya NICS hakuna kitu. Uliza sera yao kabla ya kuchoma mafuta.

Wewe wa F-1, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki, kununua hata usiseme, isipokuwa uwe na leseni halali ya kuwinda ya jimbo lolote. Wengine ni leseni ya kuwinda baada ya bunduki, wewe ni leseni kwanza. Na bila hiyo usimshikie mtu bunduki hata kwa picha ya mtandaoni.

Kuhusu koyote nitarudi usiku, niko kazini.

Fundi Raleigh

Naongezea. Kama jina lako linafanana na la jambazi fulani, utasubirishwa kila ukinunua. Omba VAF (faili la hiari la kujitofautisha) kwa FBI: unatuma alama za vidole, wakikusafisha wanakupa UPIN (namba yako binafsi), unaiandika kwenye 4473 kila mara. Mimi ilichukua muda mrefu lakini tangu hapo ni dakika chache.

La muhimu kuliko yote: kwenye swali la uraia mmeweka alama wapi? Kuna ndugu yetu mmoja huku, muuzaji alikuwa anamsomea haraka haraka, akatia alama kwenye "raia wa Marekani". Kusema uwongo kwamba wewe ni raia ni kosa la kukurudisha nyumbani, hawajali kama ulikuwa na haraka. Na swali la bangi: hata jimbo lenu liwe limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu.

Baba Neema

Niliweka alama ya mgeni, niko makini. Bangi sivuti. Nauliza tu, NICS wakikataa, USCIS (idara ya uhamiaji na uraia) wanaona?

Bukavu243 (Des Moines, Iowa)

Bandugu, habari zenu. Na kabla hamjauliza, 243 yangu ni ya simu ya kwetu Kongo, si ya risasi, ingawa jirani yangu mkulima anapiga koyote na bunduki ya .243 na anacheka kila akiona jina langu la humu.

Baba Neema, huyo jirani ndiye alinifundisha. Acha filimbi za bei kubwa. Anza na ile ya ulimi (kile kijibamba kinachotetemeka) uliofungwa ndani: hata mtoto akipuliza inatoa kilio cha sungura. Ile ya ulimi wazi inatoa sauti nyingi, sungura, mtoto wa koyote, mpaka mlio wa koyote mkubwa, lakini utachekwa mwezi mzima kabla haijakutii. Siku za baridi kali mvuke wa pumzi unaganda kwenye ulimi na filimbi inakauka sauti katikati ya kilio. Weka ya pili mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Usianze kwa nguvu. Kwanza busu mgongo wa mkono wako, ule mlio mdogo wa panya. Labda yuko hapo karibu, umpigie kelele za nini? Kimya kidogo, halafu sungura, nusu dakika, nyamaza, angalia. Watu wanapuliza bila kupumzika kama vuvuzela. Sungura anayekufa hana pumzi hiyo.

Mzee Wichita

Bukavu amesema vizuri lakini ameruka jambo kubwa kuliko filimbi: UPEPO.

Koyote haji moja kwa moja kama mbwa aliyeitwa chakula. Anasikia, anatoka kichakani, halafu anazunguka aje chini ya upepo ahakikishe kwa pua. Akikunusa amekwenda, na hutajua kama alikuja. Kwa hiyo kaa pale ambapo upande unakoelekea upepo ni peupe, umwone kabla hajafika kwenye harufu yako. Jua liwe mgongoni, likae machoni pake. Egemea kichaka, usikae juu ya kilima kichwa kikaonekana angani. Gari liache mbali, mlango usiubamize.

Ukiwa na spika ya rimoti, itege mita 30 hadi 50 kutoka ulipo, upande unakotoka upepo au kando. Macho yake yatakuwa kwenye spika, wewe unainua bunduki kwa nafasi. Anakuja mbio hasimami? Toa sauti ya mbwa kwa mdomo, "wuf!" moja. Atasimama atazame. Hapo ndipo. Na ukishapiga mmoja usisimame kushangilia. Endelea kukaa, weka sauti ya mtoto wa koyote anayelia, mara nyingi wapo wawili.

Dakika 15 mpaka 20 zinatosha, kisha hamia karibu kilomita moja. Ukiitia sehemu ile ile kila Jumamosi unawasomesha bure. Januari na Februari ndio wakati wao wa kupandana, hapo mlio wa koyote mwenyewe unafanya kazi kuliko sungura. Agosti mpaka Oktoba wale wachanga wanajitegemea kwa mara ya kwanza, wanakuja kwa chochote. Wewe ungeanza hapo, lakini mbuzi hawangoji.

Na ufanye kozi ya usalama wa uwindaji. Huku kwetu Kansas ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia 1 Julai 1957, yaani sisi sote humu labda isipokuwa mzee wetu wa Topeka.

Hamisi F-1

Mzee yeye yuko Texas, Kansas ya nini? Texas ni 2 Septemba 1971, na ukishatimiza miaka 17 unaweza kuifanya yote mtandaoni. Leseni ya mkazi ni dola 25, ya asiye mkazi 315. Uwe umeishi Texas zaidi ya miezi sita mfululizo. Nimesoma yote jana usiku badala ya kusomea mtihani.

Mzee Wichita

Vizuri, mtoto amesoma. Ungesoma zaidi ungeona koyote anayeshambulia mifugo Texas hahitaji leseni ya kuwinda. Anayeshambulia, anayekaribia kushambulia, au aliyeshambulia karibuni. Baba Neema amesema mwanambuzi ameliwa wiki iliyopita.

Hamisi F-1

Mimi sina mbuzi, leseni ninaihitaji. Nilikuwa nasaidia.

Mama Zuhura (Columbus, Ohio)

Jamani poleni na mizozo. Baba Neema mwanangu, kabla ya bunduki, mbwa unao? Nasema mbwa wa kazi, Great Pyrenees, anayelala na mbuzi kama ndugu zake. Binamu yangu yuko Tennessee na kondoo wake, aliweka wawili pamoja na waya wa umeme, yamekwisha. Koyote ukimuua leo kesho anakuja mwingine kukaa pale pale. Walikuwa wa magharibi tu hawa, mbwa mwitu walipomalizwa wakajitandaza, sasa wako kila jimbo isipokuwa Hawaii. Utawamaliza wewe?

Hayo ya upepo Mzee Wichita ameyasema sawa. Marehemu babu yangu Lamu, alikuwa nahodha, akienda kutega kanga alikuwa haweki mguu msituni kabla hajatupa mchanga angani aone demani, yaani upande unakoelekea upepo, ni wapi. Bunduki hakuwa nayo. Nikisoma hapa nimemkumbuka na ile kofia yake.

Lakini lililonileta ni jingine. Wewe ni mtu mweusi, umevaa nguo za kujificha za rangi ya majani, uso umeufunika, umebeba bunduki alfajiri Texas vijijini. Majirani wanakujua? Nenda ukapige hodi nyumba zote mchana, na mkeo na watoto, upeleke hata sambusa. Waambie una mbuzi na una koyote. Piga simu kwa sherifu ile namba isiyo ya dharura, useme jina na mahali.

Bukavu243

Mama amesema ukweli. Mie nilifanya hivyo, wakulima wawili wakaniomba nije kwao pia, maana ng'ombe wanazaa na koyote wanazunguka ndama. Msimu wa kuzaa ndio wa kubisha hodi. Ruhusa iandikwe kwenye karatasi, ikae ndani ya gari mbele ya kioo.

Na kule Texas angalieni miti. Mstari wa rangi ya zambarau ni sawa na kibao cha "usiingie". Kwa sheria, hakuna "sikuona kibao".

Fundi Raleigh

Na wa huku North Carolina msinakili ya Texas. Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington kuna mbwa mwitu mwekundu, analindwa na serikali kuu, na kwa mbali anafanana na koyote mkubwa. Huko kuna masharti yake. Kama huna uhakika ni nani, usifyatue.

Pwani Boy (Houston)

Mnajua kinachoniuma? Nimezaliwa Taita, tembo wanamaliza shamba la mama kila mwaka, huruhusiwi kuwagusa. Kuwinda kumefungwa Kenya tangu 1977. Fidia unajaza fomu unangoja mpaka uzee. Hapa jamaa analiwa mwanambuzi mmoja, sheria inamwambia piga.

Baba Neema

Ndugu, tembo na koyote ni vitu viwili.

Pwani Boy

Ninyi Watanzania hamwezi kuelewa, kwenu mzungu anakuja na dola anapiga simba mnaita utalii.

Hamisi F-1

Na kwenu tembo wamebaki kwa sababu ya hiyo 1977 au kwa sababu ya hotuba? Hata kwetu kulifungwa 1973 kukafunguliwa 1978. Mwenyeji bado anakamatwa na gobole lake la kufukuza nguruwe pori, kwa hiyo usidhani tunafaidi.

Pwani Boy

Gobole halina leseni, ungetaka afanywe nini, apewe medali?

Msimamizi

Wanajamvi, hapa ni maisha ya ughaibuni. Tembo, 1977 na nani anakula dola za nani, pelekeni kule kwenye kundi la siasa. Anayefuata namfungia wiki.

Mama Zuhura

Msimamizi ahsante. Hivi wa Columbus kuna aliyepata mihogo mibichi wiki hii? Lile duka la Wasomali limebaki na ya barafu tu.

Mzee Wichita

Kabla hatujahamia kwenye mihogo. Baba Neema, ukipata bunduki, ya .223 inatosha kwa uwanja wazi. Kama ni vichaka kama huko mashariki ya Dallas, shotigani (bunduki ya marisau) ya geji 12 ndiyo itakusaidia, wanakuja karibu. Hakikisha nyuma ya mnyama kuna udongo, si nyumba ya mtu. Mzoga usiushike kwa mikono mitupu, wana upele na wana viroboto, na kichaa cha mbwa si hadithi. Usiku kwenye ardhi yako mwenyewe Texas wanaruhusu, ila mpigie askari wa wanyamapori kwanza asije akashangaa taa.

Baba Neema

Nashukuru wote. Nimenunua filimbi ya ulimi uliofungwa, nimeipuliza sebuleni, paka wa jirani amekuja dirishani, kwa hiyo inafanya kazi. Mke wangu amesema nikapulizie nje.

NICS bado "subiri". Nauliza kwa mara ya tatu na naomba asiyejua asijibu kuhusu Kansas: nikikataliwa, N-400 itaguswa au haitaguswa?

Fundi Raleigh

Muulize wakili wa uhamiaji.

Baba Neema

Wakili anataka dola 200 kabla hajafungua mdomo.

Pwani Boy

Uza mbuzi mmoja. Kwani unauza bei gani? Tuna harusi Houston mwezi ujao, tunahitaji kama sita, madume.

Bukavu243

Na unafikisha Iowa?